Karipio la Tatu

Tangu Asya aruhusiwe kutoka hospitali ya akili, kidude kilichobandikwa juu ya kabati la vyombo kilisikiliza nyumba nzima. Sheria ilikuwa hivi: jamaa wakimkaripia mgonjwa mara tatu, anarudishwa wodini. Mama yake, Bi Mwanahawa, alishakaripia mara mbili, na leo binti kamimina kikombe kizima cha chumvi kwenye mchuzi wa pweza.

"Mwanangu mzuri," alisema huku ameuma meno, "chumvi imezidi kidogo."

"Nigombeze basi, mama! Wiki nzima unaongea nami kama mgeni."

"Hapana, kipenzi." Alikitupia jicho kile kidude, akameza tonge kwa shida. "Mtamu."

Asya akainuka, akatoka peku, akashika njia. Bi Mwanahawa akakimbilia mlangoni akamwita, kwa sauti ya chini kabisa.