Kata, Mdogo Wangu

"Kata, mdogo wangu," dada akasema, akalisukuma rundo la kadi katikati ya meza.

Kadi hizo walizikusanya tangu utotoni, pakiti moja moja, usijue ndani kuna nini mpaka uichane. Joka la Fedha, kadi adimu kuliko zote, walilipata mara moja tu. Leo ndilo lingeamua: atakayelivuta aende ng'ambo kazini, mwenzake abaki na mama, aliyelala chumba cha pili, upande mmoja umepooza.

"Tuiachie bahati," walikubaliana. "Bahati haina upendeleo."

Lakini alipokuwa akizichanga, dada alilichomeka Joka liwe kadi ya tatu kutoka juu, na yeye ndiye wa kwanza kuvuta. Mdogo wake angekata tu, akaweka nusu ya chini juu, hila yote ingevurugika. Sasa, moyoni, alimwomba akate.

Hakukata. Aligonga kadi ya juu kwa kidole, taratibu, kama walivyozoea tangu wadogo, kumaanisha nakuamini. Ukucha ulikuwa bado na unga mweupe wa vidonge alivyomsagia mama.

"Vuta, dada."

Akavuta. Mdogo wake akavuta. Dada akavuta tena, akalilaza Joka mezani.

Mdogo wake alilitazama kitambo, kisha akacheka kidogo. "Mwenye bahati habahatishi." Akainuka, akalitoa msumarini koti zito la mtumba alilojinunulia kwa safari. "Jaribu. Litakupwaya, lakini baridi ya huko haina mzaha."

Dada alifungua kinywa aseme. Lakini mkono wake ulikwisha kuingia kwenye koti.