Mstari Ulioachwa

Mama alilowesha kidole kwa mate, akaanza kuusugua mstari mweusi kwenye karatasi kama mtu anayesugua masizi ya sufuria.

"Hautoki, mama," karani wa kumbukumbu alimwambia kwa upole kutoka dirishani. "Tunapaka wino kwanza, kisha tunatoa kopi. Hiyo unayosugua ni kopi."

"Makaa hayo, si barua," mtu mmoja alitania kwenye foleni, na wenzake wakacheka.

Miezi saba mama huyu alikuwa akiomba taarifa ya siku mbili ambazo mwanawe alikaa mahabusu kabla ya kurudishwa akiwa maiti. Leo amepewa kurasa kumi na moja, zote nyeusi tii. Sheria inaficha majina ya maofisa na taratibu za ulinzi, na karani aliifuata neno kwa neno. Mstari mmoja tu hakuupatia kifungu cha kuuficha.

Mama akausoma kwa sauti, taratibu. "Saa nane mchana, mtuhumiwa aliomba maji."

Akainua macho kwa karani.

"Alipewa, baba?"

Mstari uliofuata karani aliusoma mara mbili asubuhi ile kabla ya kuupaka wino, na bado aliukumbuka wote.

"Hapo pamezuiwa, mama. Kifungu cha tisa."

"Sikuulizi kifungu, baba. Nauliza maji."

Karani akalisogeza mbele daftari kubwa, akaweka kalamu juu yake.

"Tia sahihi hapa, mama, kwamba umejibiwa."