Kidole cha Maziwa

Mbwa wa mbele wa bwana waliyemtoroka aliwafikia Kezia na mumewe kabla ya wenzake. Alitoka kwenye matete akiwa ameloa hadi tumboni, na Kezia akashika kisu.

"Mchome kabla hajabweka," alinong'ona mumewe, ambaye tayari alikuwa ndani ya maji ya kinamasi hadi kiunoni.

Lakini mbwa hakubweka. Alisogea akamramba Kezia kidole, kile kile alichokuwa akikichovya kwenye maziwa kumnyonyesha, wakati mbwa huyo alipozaliwa dhaifu akatupwa nyuma ya jiko la bwana.

"Umezeeka, mwanangu," Kezia alimwambia, akimpapasa sikio lililochanika.

"Kezia, huyo ni mbwa wao."

"Wao walimpa jina tu. Maziwa aliyanywa kwangu."

Nyuma ya matete kundi zima la mbwa lilikuwa likija, limenusishwa shuka la Kezia tangu jana. Kezia akavua kilemba kilicholowa jasho la safari, akamfunga mbwa shingoni, ncha yake ikiburuta harufu ya Kezia chini.

"Nenda nyumbani," alisema, kama alivyomwambia kila alipomtoa jikoni.

Mbwa alimtazama, akakaa. Ikabidi Kezia amsukume kwa mikono miwili, uso ameugeuzia pembeni.

Baadaye kidogo kelele za mbwa zilifika karibu, zikasita, kisha zikaanza kurudi zilikotoka, kuelekea shambani kwa bwana.

"Twende, mke wangu," mumewe alisema.

Kezia akaingia majini akamfuata. Maji yalipomfika kifuani, alikiinua kile kidole juu, kisilowe.