Cheti cha Delphine

Bernadette Kozlik aliingia kwa wakili mikono mitupu, na wakili akamtazama mikono kabla ya uso.

"Donati ziko wapi?" aliuliza Ellsworth Grady.

Hapa Harlan Falls, Ohio, kila mpangaji wa fedha anayehudumia familia zenye watoto wenye ulemavu humjia Grady na boksi la donati. Humsifu kwa kesi alizozishinda dhidi ya shule, huacha kadi mezani, kisha humwomba awaelekezee wateja, nao watamwelekezea wa kwao. Nipe nikupe. Grady alikula donati zote hizo na hakumwelekezea yeyote hata mteja mmoja.

"Sikuja kuomba mteja," alisema Bernadette, akivuta kiti bila kukaribishwa. Umri wake ulimtosha kustaafu, lakini ulimi haukuwa na habari hiyo. "Nimekuletea mmoja. Binti anaitwa Delphine Rucker. Ana miaka kumi na minane na ana ulemavu wa akili. Mwezi ujao shule inampa cheti cha kuhitimu."

"Hongera zake."

"Hongera gani, wakili, na wewe sheria unaijua! Akikipokea tu, shule imenawa mikono. Asipokipokea, lazima wamfundishe mpaka afikishe ishirini na mbili."

Grady aliijua. Wazazi wengi huingia mtego huo wakicheka, na picha wanapiga.

"Wazazi wanasemaje?"

"Walishaagiza keki. Jana nilikaa jikoni kwao nikawaeleza. Mama mtu akalia, kisha akaniambia nimtafutie wakili. Delphine ndiyo kwanza anajifunza kupanda basi peke yake na kufanya kazi ya jikoni. Mimi nimempangia fedha za maisha yake hata baada ya wazazi kufa, lakini fedha hazimfundishi mtu kupanda basi. Wakimrudisha nyumbani sasa, atakaa mbele ya televisheni mpaka azeeke."

"Nani aliyeamua apewe cheti?"

"Curtis Tibbet."

Grady alisukuma kiti nyuma. Tibbet alikuwa mkuu wa elimu maalumu wa wilaya, na mawakili walimkwepa kama deni.

"Bi Kozlik, huyo mtu ana neno moja tu, nalo ni hapana. Na kisasi anakijua. Akigundua ni wewe uliyeleta kesi hii, hutapata mteja tena mji huu."

"Na ajaribu!"

"Humjui."

"Namjua sana. Akianza kukusifu, ujue keshakataa. Ukipandisha sauti anafurahi, kwa hiyo sema naye polepole, na usimpe nafasi ya kuondoka mezani."

"Kumbe mmeshapambana?"

"Tangu zamani." Bernadette aliegemeza viwiko mezani. "Sikiliza, bwana. Kabla sijaianza kazi hii, wilaya hii hii ilikuwa na mtoto wa miaka saba asiyesema hata neno. Wakasema hafundishiki, akae nyumbani. Sikuwa na fedha wala wakili. Nikawashtaki mwenyewe, nikasimama mbele ya jaji na viatu vya kuazima. Wakaniita kichaa. Nikawaambia sawa, lakini kichaa huyu haondoki. Mwishowe wakaleta mwalimu wa kumfundisha kusema."

Hasira ilikuwa bado usoni mwake, mbichi kabisa. Grady akajikuta amechukua kalamu.

"Na akasema?"

"Akasema, na hajanyamaza hadi leo."

"Yuko wapi sasa?"

"Yuko wilayani, ofisi ya elimu maalumu, kwa jina la baba yake, anawatisha mawakili." Bernadette alisimama, akatundika mkoba begani. "Mwandikie leo. Akikuuliza nani kakutuma, mwambie ni mama yake."