Mlango wa Pili wa Shimo la Nungu

"Mlango wa shimo hili nilitumwa mimi kuuchimba," alifoka Nungu. "Wako uzibe."

"Nami nilitumwa, mama. Ungeniuliza," alijibu Mhanga, mnyama mchimbaji mwenye pua ndefu.

"Wewe ndiye ungeniuliza."

Panya Buku, mgawa kazi, alikuwa amesahau, akawapa wote wawili kazi ileile. Nungu hakupenda kazi irudiwe, akamsimamia Mhanga hadi akaanza kurudishia udongo.

Mara Chatu akaanza kujipenyeza katika mlango wa Nungu, na watoto wake Nungu walikuwa wamelala ndani. Mhanga akaufukua mlango wake haraka, akawatoa wote, hata kitinda mimba ambaye miiba yake bado ilikuwa laini.

Nungu akawanusa mmoja mmoja, akashusha pumzi. Kisha akasimama kwenye mlango wa Mhanga, akasema, "Huu usiuzibe, ndugu yangu. Ila kesho tuulizane kabla ya kuchimba."