Mkono Uleule

Siku hizi kila mjamzito hubandikwa plasta ya ultrasaundi tumboni, na mtoto huonekana kwenye runinga ya sebuleni mpaka azaliwe. Kila asubuhi mama mkwe wangu, Bi Mwanakheri, humwamkia mjukuu wake: "Mume wangu, umeamkaje?"

Jumanne alfajiri moyo wa mwanangu ulisimama tumboni mwangu. Muuguzi alinipigia mimi tu. Kwa kanuni, runinga itarudia picha za nyuma hadi Ijumaa, nitakapokwenda hospitali kutolewa mtoto, ili nyumba isishtuke.

Sikumwambia mtu. Leo Alhamisi Bi Mwanakheri kamwamkia tena, mtoto akapunga mkono. Nikaangua kilio.

"Mama, mtoto..."

"Najua, mwanangu. Tangu juzi anapunga mkono uleule. Nilidhani wewe ndiye hujui."

Akanilaza kichwa mapajani mwake. Runinga hatukuizima.