Mkono wa Fundi

Njia nzima mwandishi wa habari za afya hakutulia. Gazeti alilihamisha kutoka kwapa hili hadi lile. Hatimaye stori yake ilikuwa ukurasa wa mbele: fundi cherehani anayeugua kifua kikuu, anayemeza dawa kwa siri huku akishona. Jina alikuwa amelibadilisha, kama walivyoahidiana. Uso haukuonekana kabisa. Picha ilikuwa ya mkono tu, juu ya cherehani.

Mlangoni kwa fundi alipishana na mama mmoja aliyekumbatia kitambaa chake, hata hakijakatwa.

"Nitarudi siku nyingine," mama yule alisema, kiganja kikiwa mdomoni, akaondoka mbiombio.

Ndani, rafu zilikuwa tupu. Wateja walikuwa wamekuja kuchukua vitambaa vyao tangu asubuhi.

"Mama, kulikoni?" mwandishi alimuuliza fundi.

 Fundi alinyoosha mkono kupokea gazeti, na hapo ndipo mwandishi alipoliona kovu la pasi, jeusi, la pembe tatu, kuanzia kidole gumba hadi kifundo cha mkono. Mtaa mzima ulikuwa umepimwa nguo na mkono ule.

"Uso umeuficha vizuri, mwanangu," alisema fundi.